Dhambi ya Asili na Neema ya Mungu

Somo kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kupokea Ubatizo

Katika mafundisho yote anayojifunza mkatekumeni, liko moja linalomwia zito kuliko mengine: fundisho la dhambi ya asili. Husikia habari za Adamu na Eva, hukaa kimya kitambo, kisha humwuliza mwalimu wake: «Mwalimu, mimi sikuwako siku ile. Tunda lile sikuliona wala sikulila. Kwa nini basi nihesabiwe pamoja na walioanguka?»

Ulizo hili si la utundu. Ni ulizo la mtu apendaye haki, naye astahili kujibiwa. Asipojibiwa vema, atamdhania Mungu kuwa mwamuzi mwonevu. Au atabatizwa kwa desturi tu, asijue ameondolewa nini wala amepewa nini. Mkatekumeni na alisome somo hili polepole, akishika neno moja tangu mwanzo mpaka mwisho: dhambi ya asili ni hasara tuliyoirithi, si kosa tulilolitenda, na neema ni zawadi tunayopewa, si mshahara tunaolipwa.

I. Mungu alimwumba mtu namna gani?

Kitabu cha Mwanzo chafundisha ya kuwa Mungu aliviumba vitu vyote vikawa vyema, naye akamwumba mtu, mume na mke, kwa mfano wake. Basi habari za mtu hazikuanza na dhambi, zilianza na wema. Mwili ni mwema. Akili ni njema. Ndoa ni njema. Hata kazi ni njema, kwa maana mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza kabla hajakosa lolote.

Zaidi ya wema huo wa maumbile, Mungu alimpa mtu vipaji vingine. Alimpa neema ya utakaso, yaani uzima wa Mungu mwenyewe ndani ya roho, hata mtu akawa rafiki yake na mwanawe. Alimpa amani ya ndani: tamaa zilitii akili, na akili ilimtii Mungu. Tena alimkinga na kifo. Vipaji hivi havikuwa haki ya mtu. Ni kama mwenye nyumba ampokeaye mgeni, na badala ya kumpa mkeka wa kulalia usiku mmoja, amfanya kuwa mwanawe na kumwandikia urithi. Mgeni hawezi kudai jambo hilo. Aweza kushukuru tu.

II. Mtu alianguka namna gani?

Shetani alimdanganya mtu, akimfanya aamini ya kwamba Mungu ana wivu, na kwamba amri yake ni kizuizi cha kumnyima mema. Mtu akaacha kumtumaini Baba yake. Hapo ndipo shina la dhambi ile lilipo. Kabla mkono haujanyoshwa kulishika tunda, moyo ulikuwa umekwisha kumwona Mungu kama adui. Yakafuata majivuno na uasi: mtu alitaka kuwa bwana wa nafsi yake pasipo Mungu.

Yafaa kusahihisha maneno mawili yanayosemwa vijijini. La kwanza, watu hubishana juu ya tunda, lilikuwa tunda gani. Maandiko Matakatifu hayalitaji jina. Habari hii imeandikwa kwa maneno ya mifano, lakini jambo linalosimuliwa ni la kweli: mwanzoni mwa kabila la watu, mtu alimwasi Mungu kwa hiari yake. La pili, wengine husema ya kuwa dhambi ya kwanza ilikuwa mume na mke kukutana. Hilo ni kosa kubwa. Mungu aliwabariki mume na mke na kuwaagiza wazae kabla ya anguko. Mkristu asiione ndoa yake kama tendo la aibu ambalo Mungu alivumilia tu.

III. Sisi twahusika namna gani?

Sasa turudi kwa ulizo la mkatekumeni. Kila mlimaji ajua ya kuwa muhogo hupandwa kwa vijiti vilivyokatwa katika shina la zamani. Shina lile likiwa na ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, kijiti huubeba ugonjwa huo pamoja nacho. Kikichipuka, majani yake ya kwanza hutoka yamekwisha kukunjamana. Je, majani yale machanga yametenda kosa gani? Hayakutenda kosa lolote. Lakini yanaugua kweli, wala hayasingiziwi. Yamekosa afya ambayo shina halikuwa nayo tena, kwa hiyo halikuweza kuyapa.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa watu. Adamu ndiye shina. Aliipokea neema ya utakaso kwa ajili yake na kwa ajili ya uzao wake. Alipoipoteza, hakuweza kuwarithisha watoto wake kitu asichokuwa nacho. Mtume Paulo aeleza jambo hili katika sura ya tano ya barua yake kwa Warumi: kwa mtu mmoja dhambi iliingia duniani, na kwa dhambi kifo. Katekisimu ya Eklezia Katolika iliyotolewa mwaka 1992 yaeleza ya kuwa kwetu sisi dhambi hii ni hali tuliyoipokea, si tendo tulilolifanya. Kwa hiyo Mungu hamhesabii mtoto mchanga kosa la Adamu kana kwamba yeye ndiye aliyelitenda. Mtoto azaliwa amepungukiwa neema, naye ahitaji kupewa.

Mlimaji na aangalie tena shamba lake. Muhogo ulio mgonjwa haukugeuka kuwa magugu. Bado ni muhogo, bado hutoa mizizi, ingawa ni midogo na michache. Vivyo hivyo maumbile ya mtu yamejeruhiwa, hayakuharibika kabisa. Akili imetiwa giza, lakini yaweza kuujua ukweli. Utashi umekuwa dhaifu, lakini waweza kuchagua lililo jema. Ndiyo sababu hata mtu asiyebatizwa humpenda mtoto wake, humkaribisha msafiri, na huona haya akisema uongo. Wazee wetu walijua haki kabla ya kusikia Injili, kwa maana Mungu aliiandika sheria yake mioyoni mwa watu.

Mfano wa muhogo wafika hapo tu. Muhogo hauna hiari, mtu anayo. Mtu mzima aibaye, aziniye au achukiaye hawezi kumtupia Adamu mzigo wote. Dhambi hizo ni zake mwenyewe, naye azitubu.

IV. Agostino na makosa mawili

Mwalimu aliyeisaidia Eklezia kuliko wengine kulieleza fundisho hili alikuwa mtu wa Afrika. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa Mkristu. Baba yake alibatizwa karibu na kufa kwake. Agostino alitiwa katika hesabu ya wakatekumeni angali mtoto, lakini hakubatizwa mpaka alipokuwa na umri wa miaka 32. Mkatekumeni anayeona miaka yake ya kungoja kuwa mirefu na amkumbuke huyo.

Katika ujana wake Agostino alisumbuliwa na ulizo moja: mabaya yatoka wapi? Akawafuata Wamanikeo kwa miaka tisa hivi. Hao walifundisha ya kuwa ziko nguvu mbili zinazopigana, moja njema na moja mbaya, na kwamba mwili watoka upande wa ubaya. Fundisho hili humpendeza mkosaji, kwa maana aweza kusema: «Si mimi niliyekosa, ni mwili wangu.»

Lakini Agostino alikumbuka jambo alilolitenda alipokuwa na umri wa miaka 16, ambalo amelisimulia katika kitabu chake cha Maungamo. Usiku mmoja, yeye na vijana wenziwe waliiba mapeasi katika mti wa jirani. Hawakuwa na njaa, na nyumbani kwake yalikuwako mapeasi mazuri zaidi. Wakawatupia nguruwe karibu yote. Basi si njaa ya mwili iliyowasukuma. Walifurahia kutenda lililokatazwa kwa sababu tu limekatazwa. Ubaya haukuwa katika mwili walioumbiwa na Mungu. Ulikuwa katika utashi uliopotoka. Agostino aliwaacha Wamanikeo, akabatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodato.

Baadaye, alipokuwa askofu wa Hippo, alikutana na kosa la pili, la upande wa pili. Pelagio, mtu wa Uingereza, alikaa Roma akiishi maisha magumu ya kujinyima. Mwaka 410 Wagothi walipouteka mji wa Roma, alivuka kuja Afrika, kisha akaenda Palestina. Yeye na wafuasi wake walisema ya kuwa Adamu alijidhuru mwenyewe tu. Watoto wake aliwaachia mfano mbaya, basi. Mtu aweza kuzishika amri zote kwa nguvu zake. Kristu amemletea mafundisho na mfano mwema wa kufuata.

Maneno haya yaonekana kuwa ya bidii. Kumbe ni ya hatari. Mwindaji akitumbukia katika shimo refu la kunasia nyama, akavunjika mguu, je, atasaidiwa na mtu asimamaye ukingoni na kumwonyesha namna watu wazima wanavyotembea? Mwenye mguu uliovunjika ahitaji mtu wa kushuka kwake, kumfunga jeraha na kumwinua. Kama Kristu angalikuwa mfano tu, tungalisifu mwendo wake mzuri huku tukifia shimoni.

Mwaka 418 maaskofu wa Afrika, zaidi ya 200, walikutana Kartago wakalikataa fundisho la Pelagio. Papa Zosimo naye akalilaani. Agostino akafa mwaka 430, mji wake ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa akizisoma na kulia. Mwalimu mkuu wa neema alikufa akiomba huruma. Hakuonyesha matendo yake kama mtu anayedai malipo.

V. Neema ni nini?

Neema ni kipaji cha Mungu, apewacho mtu bure kwa mastahili ya Yesu Kristu, ili apate uzima wa milele. Iko neema ya utakaso, nayo hukaa rohoni na kumfanya mtu kuwa mwana wa Mungu. Tena iko neema ya msaada, yaani mwangaza na nguvu Mungu anazompa mtu kila anapohitaji kuepa baya au kutenda jema.

Neema hutangulia. Siku ile mkatekumeni alipotoka nyumbani kwake kwenda kuandikwa jina kwa mwalimu, labda alidhani yeye ndiye aliyeanza kumtafuta Mungu. Sivyo. Maaskofu waliokutana Orange, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 529, walitamka ya kuwa hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kuamini, ni kipaji cha Mungu. Kabla mtu hajaipiga hatua ya kwanza, Mungu alikuwa amekwisha kumwita moyoni.

Hata hivyo neema haimburuti mtu kama mbuzi wa sokoni. Aliye shimoni ashushiwa kamba, na hata nguvu za kuishika apewa. Lakini aweza kukunja mikono akakataa. Neema huponya hiari, haiiui.

Mfano ulio mkuu ni Bikira Maria. Tarehe 8 Desemba 1854 Papa Pio IX alitangaza ya kuwa Maria alikingiwa dhambi ya asili tangu nukta ya kwanza ya kutungwa mimba kwake, kwa mastahili ya Kristu Mkombozi. Alikuwa hajatenda tendo lolote la kustahili. Alipendwa kwanza, kisha akaitikia kwa moyo wote.

VI. Baada ya Ubatizo

Ubatizo huondoa dhambi ya asili. Na kwa mtu mzima mwenye toba, huondoa pia dhambi zake zote. Kwa nini basi mbatizwa huona hasira, uvivu na uchu vingali naye juma la pili? Wengi wametishika hapo, wakasema: «Ubatizo wangu haukushika.» Wasitishike. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulifundisha ya kuwa tamaa mbaya hubaki ndani ya waliobatizwa ili washindane nayo. Yenyewe si dhambi, ila mtu akiikubali. Jeraha lililosafishwa halina sumu tena, lakini kiungo chahitaji mazoezi na uangalifu. Ndiyo maana Mkristu husali, huungama, na hupokea Ekaristi.

Nguvu ya neema ilionekana katika nchi ya Kongo ndani ya Mwenye heri Isidori Bakanja. Alibatizwa akiwa kijana, mwaka 1906, akafanya kazi kwa wazungu wa kampuni. Mwaka 1909 msimamizi mmoja aliyechukia dini yake aliamuru apigwe viboko vikali kwa sababu ya kuvaa skapulari ya Bikira Maria. Vidonda vyake havikupona, akafa mwaka uo huo. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemtesa, akaahidi kumwombea atakapofika mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye heri mwaka 1994. Maumbile ya mtu aliyejeruhiwa hutaka kisasi. Bakanja hakuutoa msamaha ule katika nguvu zake mwenyewe.

VII. Dhambi ya asili si laana ya ukoo

Katika vijiji vingi mtoto akifa, au mavuno yakiharibika, watu husema: «Ukoo huu una laana ya babu.» Kisha hutafutwa mganga, na baada ya mganga hutafutwa wa kulaumiwa. Mkatekumeni asilichanganye jambo hili na dhambi ya asili.

Laana ya ukoo hudhaniwa kuishika nyumba moja. Dhambi ya asili iliwapata watu wote, chifu na mtumwa, mzungu na mwafrika. Kwa hiyo hakuna ukoo uliozaliwa mchafu kuliko mwingine, wala hakuna kabila ambalo damu yake ni mbaya kuliko ya jirani zake. Asemaye hivyo amekana Katekisimu. Tena laana hudhaniwa kuondolewa kwa kuku, mbuzi na fedha. Dhambi ya asili huondolewa kwa Ubatizo, na Ubatizo hauuzwi. Mwisho, laana hudai mtu wa kutupiwa hatia: kikongwe mjane, au mtoto yatima anayeitwa mlozi na kufukuzwa nyumbani. Dhambi ya asili yamfundisha kila mmoja kujiona mgonjwa kati ya wagonjwa wenziwe. Mkristu awezaje kumpiga mtoto na kumnyima chakula, hali Kristu alimfia mtoto huyo?

VIII. Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa

Wako akina mama wanaosikiliza somo hili kwa maumivu, kwa maana walizika mtoto kabla hajabatizwa. Eklezia haifundishi ya kuwa mtoto huyo amepotea. Katekisimu yamkabidhi kwa huruma ya Mungu, atakaye watu wote waokoke. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, tume ya wanateolojia ya Roma ilieleza ya kuwa ziko sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Tumaini hili lisiwe kisingizio cha kuchelewesha Ubatizo. Lakini mama asilie kama asiye na tumaini.

Maulizo na majibu

1. Dhambi ya asili ni nini?
Ni hali ya kukosa neema ya utakaso, ambayo wana wa Adamu huzaliwa nayo kwa sababu ya anguko la mtu wa kwanza.

2. Je, sisi tulitenda dhambi hiyo?
Hapana. Tuliipokea, hatukuitenda.

3. Maumbile ya mtu yameharibika kabisa?
Hapana. Yamejeruhiwa, bado ni kazi njema ya Mungu.

4. Mtu aweza kujiokoa kwa nguvu zake?
Hawezi. Ahitaji neema ya Kristu tangu hatua ya kwanza.

5. Je, neema humwondolea mtu kazi ya kujitahidi?
Hapana. Humpa nguvu za kujitahidi.

6. Kwa nini tamaa mbaya hubaki baada ya Ubatizo?
Ili mbatizwa ashindane nayo kwa msaada wa Mungu. Tamaa isiyokubaliwa si dhambi.

Azimio la juma hili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, mkatekumeni amshukuru Mungu aliyemwita kwanza. Na kama kijijini mwake yuko mtu anayetengwa kwa kusingiziwa laana au ulozi, aende kumsalimu kwa jina lake na kumpelekea chakula. Kwa tendo hilo ataonyesha ya kuwa somo hili amelielewa.